Moshi wa Kiwanda ni Deni, na Deni Lina Mwenyewe



Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, kamati nyingi za misikiti iliyo jirani na maeneo ya viwanda hupokea ugeni unaofanana. Gari huja na magunia ya mchele, katoni za tende na madumu ya mafuta ya kupikia. Pengine huja pia ahadi ya tangi la maji au rangi ya kupaka kuta. Imamu humwombea dua mtoaji, picha hupigwa, na waumini hufuturu. Hayo ni ya kheri, na mwenye kutoa hatumnyimi shukurani yake. Lakini nyuma ya ukuta wa kiwanda hicho hicho huenda upo mfereji unaotoa maji yasiyo na rangi ya maji, na lipo dohani linalotema moshi usiku, saa ambazo mkaguzi amelala. Mama anayefua kwa maji ya mfereji ule, na mtoto anayekohoa alfajiri, ndio hao hao waliofuturu kwa tende zile.

Swali letu la mwezi huu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, sadaka hulipa deni? Kila aliyekaa darsani analijua jibu. Haki ya mja haifutwi kwa wema aliofanyiwa mtu mwingine. Haina budi irudi kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Mtu aliyemvunjia jirani yake ukuta hawezi kusema yamekwisha kwa kuwa amechangia msikiti. Basi aliyemharibia jirani yake kifua kwa moshi ana udhuru gani?

Hatuzungumzi mambo ya kubuni. Huko Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika kaunti ya Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa nyumba za watu. Moshi ukaingia majumbani, maji ya kiwanda yakapita vichochoroni, na risasi ikakutwa katika damu za watoto na watu wazima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya wananchi kupiga kelele kwa miaka. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu wewe mwenyewe, ndugu msomaji: tangu moshi wa kwanza hadi hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekuwa kijana kabla haki yake haijatamkwa, na risasi iliyoingia ubongoni mwa mtoto haitolewi kwa hukumu.

Tena tuangalie jambo jingine katika kesi hiyo. Sehemu ya lawama iliangukia taasisi za umma ambazo zilipaswa kusimamia zikazembea. Maana yake ni kwamba sehemu ya fidia itatoka katika hazina, na hazina hujazwa na kodi ya unga, ya sukari na ya mafuta ya taa. Mgonjwa anachangia fidia yake mwenyewe, ilhali faida ya kuyeyusha zile betri ilikwishaingia mifukoni mwa wengine zamani. Mahakama imetenda haki, na waliosimama kidete wanastahiki pongezi. Lakini haki inayokuja baada ya maradhi ni nusu ya haki. Yatupasa kutafuta njia ya kulihesabu deni siku linapokopwa.

Wanazuoni wetu hawakulipuuza jambo hili. Miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi imo ile inayofundisha kwamba madhara hayaachwi yakae, sharti yaondolewe. Katika karne ya nane Hijria aliishi mjini Tunis fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kwenda kutazama kwa macho yake magomvi ya majirani kuhusu kuta, maji na majengo. Aliandika kitabu juu ya hukumu za majengo, na ndani yake moshi wa hamamu na matanuri, na harufu ya madabaghani ya ngozi, vina mlango wake. Mafakihi wa mji ule walitofautisha: moshi wa jiko la nyumbani, ambao maisha hayaendi bila huo, jirani huuvumilia, moshi wa tanuri la biashara linalomdhuru jirani huzuiwa. Navyo vitabu vya hisba viliagiza muhtasibu awaamuru waoka mikate wainue dari za matanuri yao na kupanua matundu ya kutolea moshi, ili usiwashukie watu. Kwa hiyo anayetuambia kwamba habari za uchafuzi ni mambo ya kigeni yasiyo na nafasi msikitini, hajasoma.

Linalotofautisha zama zile na zetu ni ukubwa wa jambo. Tanuri moja na jirani mmoja kadhi aliweza kuwaamua kwa siku moja. Leo viwanda mia vinamwaga katika mto mmoja, moshi wao unachanganyika angani, na hakuna ajuaye kikohozi cha mtoto huyu kimetoka katika dohani lipi. Ndipo ilipotafutwa njia nyingine, nayo ni kuutia uchafuzi bei.

Mwaka 1920 mchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, alieleza katika kitabu chake juu ya uchumi wa ustawi kwamba mwenye kiwanda huhesabu gharama anazozilipa yeye peke yake: malighafi, mishahara, mafuta, kodi ya nyumba. Gharama inayomwangukia jirani haimo katika daftari lake, kwa hiyo huitumia bila kipimo. Tutoe mfano. Kiwanda cha kutia nguo rangi kikitaka kusafisha maji yake kitatumia, tuseme, shilingi milioni tano kwa mwaka. Kikiyamwaga mtoni hakitumii hata senti. Mwenye kiwanda mcha Mungu atasafisha, na nguo zake zitauzwa ghali. Jirani yake asiyejali atamwaga, na nguo zake zitauzwa rahisi. Sokoni mchaji atashindwa na mdhalimu. Huo ndio ubaya wa kuyaacha mambo kwenye hiari tupu: humwadhibu aliye mwema. Dawa aliyoipendekeza Pigou ni kodi inayolingana na madhara, ili kile kilichobebeshwa jirani kirudi katika daftari la aliyekifanya.

Je, dawa hiyo imepata kujaribiwa? Naam, na si mara moja.

Nchini Uholanzi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1970, kila anayemwaga maji machafu alitakiwa kulipa tozo kulingana na kiasi cha uchafu anachomwaga. Kipimo chao kinaeleweka hata na asiyesoma: ni uchafu anaoutoa mtu mmoja katika maji. Kiwanda kinachochafua kama watu elfu kumi hulipa kama watu elfu kumi. Fedha zile zilitumika kujenga mitambo ya kusafisha maji. Katika muda wa miaka kumi hivi, uchafu wa kuoza uliokuwa ukitoka viwandani ulipungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu wenye viwanda walipiga hesabu wakaona ni nafuu kusafisha kuliko kulipa.

Sweden nayo, mwaka 1992, ilianza kuvitoza vituo vikubwa vya kuzalisha nishati kronor 40 kwa kila kilo ya oksidi za nitrojeni, hewa inayokwaruza mapafu na kuleta mvua yenye asidi. Utaratibu wao una jambo la kuzingatiwa. Fedha zilizokusanywa hazikubaki serikalini; ziligawiwa tena kwa vituo vile vile, kila kimoja kwa kadiri ya nishati kilichozalisha. Matokeo yake aliyezalisha kwa usafi alipata zaidi ya alicholipa, na aliyezalisha kwa uchafu alilipa zaidi ya alichopata. Hakuna aliyeweza kulalamika kwamba serikali inatafuta fedha kwa kisingizio cha mazingira. Uchafu kwa kila kipimo cha nishati ulipungua kwa takribani nusu kabla ya mwaka 2010.

Marekani ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha salfa dioksidi inayoruhusiwa kutoka katika vituo vyote vya umeme, kisha ikakigawa kikomo hicho katika vibali, kila kibali tani moja. Aliyepunguza moshi wake zaidi ya alivyotakiwa aliruhusiwa kuuza vibali vilivyobaki. Aliyeshindwa alilazimika kununua. Utekelezaji ulianza mwaka 1995. Vifaa vya kupima vilifungwa madohanini, vipimo vikatangazwa kwa umma, na aliyekutwa amepungukiwa kibali alitozwa faini ya dola 2,000 kwa kila tani, mara nyingi zaidi ya bei ya kibali chenyewe. Kufikia mwaka 2010 salfa ile ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwaka 1980, kwa gharama ndogo kuliko ilivyokuwa imekisiwa.

Huenda msomaji akasema: hizo ni nchi tajiri, sisi tuna nini nazo? Basi twende Surat, katika jimbo la Gujarat nchini India, bandari ambayo mahujaji wa zama za Wamoghuli waliiita mlango wa Makka. Leo ni mji wa viwanda vya nguo vinavyochoma makaa ya mawe, na vumbi lake laini huingia mapafuni mwa mamilioni ya watu. Mwaka 2019 mamlaka ya jimbo hilo ilianzisha soko la vibali vya vumbi. Katika viwanda 317, karibu nusu viliingizwa sokoni kwa kura, na vilivyobaki vikaendelea na utaratibu wa zamani wa makatazo na vitisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa viwanda vilivyoingia sokoni vilipunguza vumbi kwa asilimia 20 hadi 30, na gharama za kupunguza zikawa ndogo. Hiyo ni nchi yenye umaskini kama wetu na rushwa kama yetu.

Hata hivyo, ndugu zetu, tusidhani kwamba kutaja bei kunatosha. Mambo mawili yameiharibu dawa hii mahali pengi.

La kwanza ni bei ndogo. China ilianza kutoza ada za uchafuzi tangu miaka ya 1980, lakini kwa muda mrefu ada ilikuwa chini ya gharama ya kusafisha. Mwenye kiwanda aliona heri kulipa na kuendelea kumwaga. Ada ikageuka kuwa tiketi: lipa, uingie, uchafue. Januari 2018 nchi hiyo ikaibadili ada kuwa kodi ya kisheria, yenye viwango ambavyo majimbo yanaweza kuvipandisha hadi mara kumi ya kiwango cha chini. Leseni ya mwaka ambayo ada yake ni moja kwa anayemwaga ndoo na anayemwaga bwawa ina kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa haimpi yeyote sababu ya kupunguza.

La pili ni mizani ya uongo. Tunarudi Gujarat hiyo hiyo, miaka kumi kabla ya soko la vibali. Sheria iliviamuru viwanda vikaguliwe na wakaguzi binafsi, lakini mkaguzi alichaguliwa na kulipwa na kiwanda anachokikagua. Ripoti zikawa nzuri ajabu: vipimo vingi vikaangukia chini kidogo tu ya kikomo. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti, kwa kushirikiana na mamlaka ya jimbo, walibadili jambo moja: baadhi ya wakaguzi wakapangiwa viwanda kwa kura, wakalipwa kutoka mfuko wa pamoja, na vipimo vyao vikarudiwa kwa kushtukiza. Wakaguzi wale wale wakaanza kusema kweli, na viwanda vikapunguza uchafu. Wanaosoma Sura zinazowaonya wapunjao vipimo hawahitaji maelezo marefu hapa. Anayepunja kilo ya sukari humdhulumu mnunuzi mmoja. Anayepunja kipimo cha moshi huudhulumu mji.

Sasa tugeukie maswali mawili ambayo tumekuwa tukiulizwa na waumini.

Wapo wanaosema: kumtoza mchafuzi ni kumuuzia dhambi, kwani akilipa atajiona amehalalishiwa. Wasiwasi huu una msingi, na jibu lake ni kuyatofautisha madhara. Yapo madhara ambayo hayana bei: risasi katika damu ya mtoto, zebaki katika samaki, sumu katika kisima. Hayo hayatozwi ada. Huzuiwa, na anayeyafanya hufungiwa na kushitakiwa. Kiwanda cha Owino Uhuru hakikustahiki tozo; hakikustahiki kujengwa pale hata siku moja. Lakini upo moshi na yapo maji machafu ambayo shughuli za watu haziwezi kuyakosa kabisa, ila yaweza kupunguzwa mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo pa tozo. Nayo tozo si kafara. Ni malipo ya kilichoharibika, na haiondoi wajibu wa kuacha. Ama soko la vibali, kinachouzwa humo ni fungu la kikomo kilichowekwa na mamlaka kwa maslahi ya umma. Kikomo chenyewe hakiuzwi, na kila kinaposhushwa vibali hupungua. Kwetu sisi, ambako vifaa vya kupimia ni vichache, twaona tozo ya wazi kwa kila kipimo ni rahisi kuisimamia kuliko soko.

Wengine wanasema: viwanda vitakimbia, na vijana wetu watakosa kazi. Ajira ni neema, na hatumtakii kijana yeyote arudi kukaa barazani. Lakini tuulize: mshahara wa baba ukiisha kwa dawa za kifua za mtoto, nani amepata? Tena mfano wa Sweden unatuonyesha kwamba fedha zinaweza kurudi kwa wazalishaji walio safi. Tozo ikitangazwa mapema, ikaanza ndogo na kupanda kwa ratiba inayojulikana, na wenye karakana ndogo wakapunguziwa ushuru wa mitambo ya kuchujia, mwenye nia njema hupata nafasi ya kujirekebisha.

Wala hatuombi jambo lisilokuwemo katika sheria zetu. Sheria ya Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inaitambua kanuni kwamba mwenye kuchafua ndiye mwenye kulipa, na kifungu chake cha 57 kinaruhusu misamaha ya ushuru kwa vifaa vya kuzuia uchafuzi, pamoja na kodi za kuwakatisha tamaa waharibifu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo imeitaja kanuni hiyo hiyo. Milango imekwisha kuwekwa. Lililobaki ni kuifungua.

Kwa hiyo tunasema kwa wenye mamlaka: Kwanza, tozo ifuate kiasi cha uchafu, na iwe kubwa kuliko gharama ya kusafisha. Pili, mkaguzi asilipwe na anayekaguliwa, na vipimo vibandikwe hadharani, langoni mwa kiwanda, kwa lugha inayosomwa na wakazi. Tatu, fedha zitakazokusanywa zisipotelee makao makuu. Zirudi katika mtaa ulioumia, kwa maji safi na zahanati. Nne, sumu zisizovumilika zipigwe marufuku bila ya mjadala wa bei.

Na tunasema kwa jamaa zetu wa misikitini. Kabla kiwanda hakijajengwa, sheria hutaka tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Mikutano hiyo hufanyika viti vikiwa vitupu, kisha tunakuja kulia baada ya miaka kumi. Kila kamati ya msikiti imteue mtu mmoja wa kufuatilia, na ahudhurie. Ama ninyi wenye viwanda na karakana ambao mnaswali nasi, wengine katika safu ya kwanza: hatuwahukumu nyoyo zenu, ila tunawakumbusha kwamba jirani wa ukutani atakuwepo Siku ya Hesabu, na daftari litakalofunguliwa siku hiyo halikuandikwa na mhasibu wenu.

Ramadhani ijapo, gari la tende likifika, kamati ipokee kwa adabu na ishukuru. Kisha mmoja wa wazee, kwa upole, amuulize mgeni swali moja: yale maji ya mfereji wa nyuma, mwaka huu mtayasafisha? Akijibu kwa vitendo, hiyo ndiyo futari bora aliyopata kuileta mtaani petu. Akinyamaza, basi tende zake ni sadaka, na deni lake bado ni deni.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoondoa madhara, na asitufanye miongoni mwa wanaoyanyamazia. Wabillahi tawfiq.